Trei Moja ya Askari

Kwanza niseme hivi: sikuwapaka weusi kwa sababu niliishiwa rangi nyeupe. Nyeupe ninayo makopo mawili, moja halijafunguliwa mpaka leo. Kuna watu pale Iringa bado wanasimulia kwamba yule mama aliyetoka Mbeya alikosa rangi, akaona aibu kusema. Waache waseme. Nimekula kwa brashi zaidi ya miaka thelathini, nimeandika milango ya malori kuanzia Uyole mpaka Tunduma, na sijawahi kupaka kitu rangi isiyo yake kwa bahati mbaya.

Kazi yangu ni maandishi. Lori likinunuliwa linaandikwa mlangoni jina la mwenyewe, mahali anapotoka na uzito wa gari, na kwa nyuma dereva anataka maneno yake ya kuwachoma wabaya wake. Hayo yote nilikuwa naandika mimi, kwa mkono, nimekalia ndoo. Maduka vilevile, na saluni, na mabucha yenye picha ya ng'ombe anayecheka, sijui anachekea nini. Halafu zikaja mashine za kuchapa mabango. Mtu anakwenda asubuhi, mchana anarudi na bango lake amelikunja kwapani, lina picha, lina kila kitu. Wateja wakaanza kunipita hapo kibarazani utadhani hatujuani. Roho iliniuma, sifichi. Nikabaki na malori makuukuu na misalaba ya makaburini.

Ndipo mwalimu akaja. Ni jirani yangu, Mnyakyusa, anafundisha historia sekondari, mpole mpaka anakera. Alikuja na boksi la viatu, akaliweka juu ya meza yangu ya kazi, akalifungua. Ndani mlikuwa na watu wadogo wa plastiki, kila mmoja urefu wake kama kipande cha juu cha kidole gumba changu, wa kijivu, hawana macho wala nguo.

"Dada, wewe una mkono," akaniambia. "Mimi wangu unatetemeka tangu niumwe ule ugonjwa. Nisaidie kuwapaka."

"Wa mwanao?"

"Wa kwangu."

Akanieleza. Wako watu saba au wanane hapa Mbeya, walimu, mganga mmoja wa hospitali, fundi simu, wanakutana Jumamosi na kupigana vita juu ya meza. Wanapanga majeshi, wanapima hatua kwa futi ya fundi cherehani, wanarusha dadu kuamua nani amepigwa na nani amepona. Nikamwuliza kama ni watu wazima na akili zao. Akasema ndiyo. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, naye alisimama tu pale akisubiri nimalize, uso wake umetulia. Nikaona haya. Nikamwambia aniachie mmoja nijaribu.

Yule mmoja alinichukua siku mbili. Brashi zangu za malori zilikuwa kama mafagio kwake, ikabidi nitengeneze nyingine kwa nywele chache za sikio la ng'ombe nilizoomba buchani, nikazifunga kwenye bua la kalamu. Nilipompiga jicho la kwanza, nukta moja nyeupe na ndani yake nukta nyeusi, akanitazama. Sina namna nyingine ya kusema. Alinitazama, na mimi mwanamke mzima nikamwambia, "Karibu." Kuanzia hapo nikawa nimenaswa. Kila asubuhi mwanga ukiingia vizuri kibarazani nilikuwa nimeinama juu ya mtu wa plastiki, na wapita njia wakawa wananitania kwamba sasa nimeanza kuandika malori ya sisimizi.

Mwaka huu mwalimu akaniletea habari kwamba kutakuwa na maonesho Iringa, ya watu wa michezo ya vita vya mezani, Jumamosi nzima kwenye ukumbi wa chuo. Watatoka Dar, watatoka Arusha, hata Nairobi. Na meza kubwa ya katikati itakuwa ya vita vyetu wenyewe, Wahehe na Wajerumani, ile siku safu ya Wajerumani ilipoviziwa kwenye majani. Watu wa Iringa watapaka Wahehe. Sisi wa Mbeya tumeombwa tulete Wajerumani. Akanikabidhi visanamu thelathini, punda wao wa mizigo, na karatasi ya kuonyesha rangi aliyoitoa kwenye mtandao. Kwenye karatasi, wote thelathini walikuwa Wazungu, mashavu mekundu.

Nikaitazama ile karatasi muda mrefu.

"Mwalimu, hawa siyo."

Akaanza kuikunja ile karatasi.

"Wewe unafundisha historia. Hawa siyo, na wewe unajua."

"Najua," akasema. "Wazungu walikuwa wachache, wa kuamrisha. Askari walikuwa watu weusi. Wasudani, watu wa Msumbiji, watu wa pwani. Nawafundisha wanafunzi hivyohivyo, ila kwenye mtihani hakuna anayeuliza."

"Basi nakuuliza mimi. Niwapake walivyokuwa?"

Akajikuna shingo. Akasema watu wa Iringa hawatapenda. Nikamwambia mimi ndiye mtu wa Iringa hapa, wewe ni mtu wa Tukuyu, niachie mwenyewe.

Na hapo inabidi niseme la nyumbani, maana bila hilo mtaniona mkorofi tu.

Nimezaliwa Iringa, vijijini, nimelelewa Kihehe, na kamwene yangu, salamu ya kwetu, haina kasoro. Lakini makaburi ya majirani zetu yalikuwa yanarudi nyuma mpaka mawe yasiyo na mwenyewe, na ya kwetu yalianzia kwa mtu mmoja. Nyuma yake hakuna kitu, ni mahindi. Nilipokuwa binti mdogo nilimwuliza shangazi, tunapukuchua, nikamwuliza huyu baba yake nani. Shangazi akapukuchua hindi zima, kisha akasema: "Huyu alikuja na bunduki ya Mjerumani." Alikuwa Msudani. Alikuwamo kwenye safu ile iliyoviziwa, wenzake wakaanguka yeye akakimbia, akarudi miaka ya baadaye na kikosi kingine. Akapewa mwanamke wa Kihehe, au akamchukua, shangazi hakusema na mimi sikuwa na akili ya kuuliza. Akalima, akazaa, akafa mzee wa meno mawili. Ndiye baba yake babu yangu.

Wahehe wana koo, na kila ukoo una mwiko wake wa chakula. Hawa hawali moyo, wale hawali figo, wengine hawagusi mnyama fulani hata njaa iwe vipi. Ukiulizwa mwiko wenu nini, umeulizwa wewe ni wa nani. Sisi hatukuwa nao. Ungetoka wapi? Mwiko unarithiwa kwa baba, na baba yetu wa kwanza alikuja na kofia nyekundu ya askari. Shuleni wenzangu wakiniuliza nilikuwa najibu, "Mwiko wetu ni kiporo cha jana," wanacheka, yanaisha.

Kaka yangu hakuweza kucheka nalo. Yeye ni mkubwa kwangu, ni mzee wa kanisa kwenye usharika wao wa Kilutheri hapo mjini, mtu wa suti na kikohozi cha kuanzia kikao. Siku nyingi zilizopita, kwenye harusi, mtu alimpelekea sahani, naye akaisukuma na kusema kwa sauti, "Samahani, maini kwetu ni mwiko." Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake! Huyuhuyu kaka yangu, aliyechapwa na mama kwa kuiba maini kwenye sufuria yakiwa hayajaiva! Nikamkata jicho, akaangalia pembeni. Tangu siku hiyo hajagusa maini mbele ya watu wala nyuma yao, na wanawe wamekua wakijua kwamba ukoo wetu hauli maini. Amewatungia ukoo mzima kwa sahani moja.

Basi nikawapaka. Watatu nikawafanya Wazungu, ndio walikuwapo, sikuwaonea. Ishirini na saba nikawafanya weusi, na weusi siyo mmoja, muulize fundi yeyote. Nyeusi ya kopo ukimpaka mtu anakuwa tairi. Nilichanganya kahawia na tone la nyekundu, kwa mwingine tone la bluu, kwa mwingine njano kidogo, mpaka kila mmoja akawa na ngozi ya mama yake. Nikawasimamisha juu ya vifuniko vya soda, nikavipaka gundi ya mbao na kunyunyizia udongo wa Iringa, ule mwekundu, niliokuwa nimeuweka kwenye chupa tangu msiba wa mama.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Mtu wa maandishi hawezi kuachia kitu bila herufi, mkono unawasha. Lori nikimaliza kuliandika mlango, lazima niweke alama yangu mahali, hata chini ya bampa. Kwa hiyo nikageuza kila kifuniko, na chini yake, kwa nywele mbili tatu za brashi, nikaandika alikotoka mtu wa juu. Sudani. Msumbiji. Pwani. Kulikuwa na mmoja wa nyuma kabisa, karibu na punda wa mizigo, ametazama kando na siyo mbele kama wenzake. Chini yake sikuandika Sudani. Niliandika Babu. Sikuwaza. Niliandika na kuacha ikauke.

Kwa safari niliwapanga kwenye trei ya mayai, kila mtu na shimo lake, thelathini kamili, punda nikamtia mfukoni, juu nikafunika kwa trei nyingine na kuifunga kwa kamba. Mwalimu alitangulia na gari la wenzake, mimi nikapanda basi, trei mapajani. Igawa tuliposimama, mama wa siti ya pili akaniuliza kama nauza hayo mayai au ni zawadi. Nikamwambia siyo mayai, ni jeshi. Akanitazama, akasogea kidogo upande wa dirishani na kununua vitunguu vyake kimyakimya.

Jioni nikafika kwa kaka. Upepo wa Iringa ulikuwa unakata masikio. Shikamoo, marahaba, chai, habari za Mbeya. Kisha akaniomba aone kazi. Nilifungua trei kwa furaha, haki ya Mungu, kama mtoto anayeonyesha daftari. Alivaa miwani, akainama.

"Mbona weusi?"

"Ndivyo walivyokuwa, kaka. Na wewe unajua."

Akanyanyuka akafunga mlango wa jikoni, wifi asisikie.

"Kesho nimewaalika wazee wa usharika," akasema. "Wote. Nimewaambia mdogo wangu anakuja kuonyesha vita vya babu zetu. Sasa watu wataanza kuuliza: hawa weusi ni nani, walienda wapi, walizaa na nani? Unataka kunivua nguo hadharani?"

"Hakuna atakayeuliza kuhusu wewe."

"Wapake weupe. Una usiku mzima. Nakuomba."

Kaka yangu hajawahi kuniomba kitu. Huwa anaagiza. Nilimwonea huruma, na ile huruma ndiyo iliyonipandisha hasira, kwa sababu nilimwona mzee wa miaka sitini na kitu anamwogopa mtu wa plastiki. Nikamwambia, "Sipaki. Wewe ulijipaka mwenyewe, sikukuuliza. Hawa niachie." Akaingia chumbani bila kumaliza chai. Habari ya herufi za chini sikumwambia. Niliogopa, tuseme ukweli, hapo niliogopa.

Asubuhi ukumbi ulikuwa umejaa. Sikuwahi kudhani Tanzania hii kuna watu wengi hivyo wa kurusha dadu. Meza huku na huku, milima ya sponji, mito ya kioo, majumba ya boksi, kijana wa Arusha na meli zake, mzee mmoja Mhindi na farasi mia moja, mmojammoja amepakwa hatamu. Nilipita natetemeka kwa raha. Watu walikuwa wananiuliza, "Mama, hii brashi umenunua wapi?" nami najibu, "Kwenye sikio la ng'ombe." Kwa mara ya kwanza tangu mashine zile zije, watu walikuwa wanainama kutazama mkono wangu.

Meza ya katikati ilikuwa nzuri, siwanyimi sifa yao. Watu wa Iringa walikuwa wamesuka majani kwa nyuzi za gunia, na ndani yake wamelala Wahehe zaidi ya mia, na mikuki, na ngao za ngozi. Mwenyekiti wa maonesho alikuwa amesimama hapo, mhadhiri, Mhehe wa nguvu, shati limenyooshwa mpaka linakata. Nikafungua trei yangu.

Akatazama. Akatabasamu kwanza, akidhani ni utani. Kisha tabasamu likaondoka.

"Mama, umekosea. Hawa ni Wajerumani."

"Wajerumani ni hao watatu wa kofia nyeupe. Hawa wengine ni askari wao."

"Mama yangu," akasema, sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "watu wanakuja kuona babu zao wakimpiga mkoloni. Hawaji kuona weusi wanapigana na weusi. Kuna rangi pale meza ya mafunzo, na vijana watakusaidia. Saa nne tunaanza. Wapake nyuso tu."

"Sipaki."

"Basi hawataingia mezani."

Mwalimu alikuwa pembeni yangu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akipandisha sauti, yule mpole. "Mheshimiwa, ukiwatoa hawa huna adui. Wahehe wako watapigana na majani." Watu waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mwenyekiti hakupenda kuchekwa. Akachukua mmoja kwenye trei, kwa vidole viwili, amwonyeshe mwalimu jinsi alivyokosewa, na katika kumgeuzageuza akaona chini. Kati ya thelathini, mkono wake ulimwangukia yule wa nyuma kabisa.

"Babu?" akasoma. "Babu? Babu wa nani?"

Nikasikia kikohozi nyuma yangu. Sikuhitaji kugeuka. Kikohozi kile nakijua, ndicho cha kuanzia kikao. Kaka alikuwa amefika na wazee wake watano wa usharika, wamevaa suti, wamejipanga nyuma yangu, na wote wamesikia.

Ningeweza kusema chochote. Ni jina la utani, ni mzaha wa fundi, ni alama ya kiwandani. Maneno yalikuwapo mdomoni, mengi tu. Lakini nikamwona yule mtu mdogo ananing'inia kichwa chini kati ya vidole vya mwenyekiti, na macho yale niliyompiga mwenyewe, na nikachoka. Nimechoka na kiporo cha jana.

"Wangu," nikasema. "Ni baba yake babu yangu mimi. Alikuja na safu hii. Kama mna shida naye, mimi nipo hapa, niambieni mimi."

Nikageuka. Kaka hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama viatu vyake. Mzee mmoja wa usharika akamgeukia, akataka kusema neno, na kaka akaondoka. Alitoka nje kwa mlango wa pembeni, mgongo umenyooka. Nilitaka kumkimbilia. Pia nilitaka kumtupia kiatu. Sikufanya hata kimoja, kwa sababu mwenyekiti alikuwa bado amemshika mtu wangu, na nilinyoosha kiganja mpaka akamrudisha.

Saa nne ikafika, watu wakazidi kujaa, na adui mwingine hakuwapo. Mwenyekiti akasema kwa kukunja uso, "Haya, wawekeni," akaondoka kwenda kuwapokea wageni wake. Sasa ikawa shida nyingine: nani atacheza upande wetu? Kila mtu anataka kuwa Mhehe. Hata yule kijana wa Nairobi alitaka kuwa Mhehe! Mwalimu alikuwa msimamizi wa sheria, hawezi kucheza. Nikavuta kiti nikakaa mwenyewe. Wazee wa usharika nao, niliodhani wataondoka na mwenzao, wakavuta viti wakakaa kutazama.

Tukaanza. Nikawasogeza watu wangu kwenye njia, wawili wawili, inchi sita kwa futi ya cherehani, wakiwa hawajui kitu. Upande wa pili vijana watatu wa chuo wanacheka kwa hamu. Hatua ya tatu wakapiga filimbi, Wahehe wakainuka kwenye majani yote kwa pamoja, na hata mimi, ninayejua habari ile tangu utoto, mwili ulinisisimka. Nilishangilia moyoni. Nasema kweli, nilikuwa nashangilia na huku nawaona wangu wanakufa. Damu yangu iko pande zote mbili za meza ile, nani aniambie nishike upi?

Sheria ilikuwa rahisi. Askari akifikiwa na mkuki, unarusha dadu. Ukipata tatu na kwenda juu, amepona. Moja au mbili, amekufa, anatolewa mezani. Nikarusha, nikarusha, wakaanza kurudi kwenye trei mmojammoja, kila mtu na shimo lake. Wazungu watatu wakaenda mapema. Wakabaki kumi, wakabaki sita, wakabaki wawili na punda. Mwenyekiti alikuwa amerudi, uso umelainika, maana upande wake ulikuwa unashinda, na akawa anasaidia kuwatoa wafu kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha mkuki ukamfikia yule wa nyuma.

Nikashika dadu. Nikajiambia acha ujinga, ni plastiki. Nikarusha. Dadu ikagonga punda, ikazunguka, ikalala na mbili.

"Amekufa," mwenyekiti akasema, akanyoosha mkono.

Mkono mwingine ukatangulia. Ulikuja juu ya bega langu, mkono wa koti la suti, ukamfunika yule mtu mdogo pale alipo, kiganja kizima juu yake. Sikujua kaka amerudi saa ngapi. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, anahema kama aliyepanda mlima.

"Huyu hatolewi," akasema.

"Mzee, ni sheria ya mchezo. Amepata mbili."

"Sheria yenu siijui. Huyu hakufa." Sauti yake ilikuwa kubwa, ile ya kusomea matangazo ya Jumapili. "Alikimbia akapona. Angekufa hapo, mimi ningetoka wapi? Na huyu mdogo wangu angetoka wapi? Nani angekuwa anawakusanyia sadaka?" Hapo aliwageukia wazee wake watano. "Mnanijua miaka yote hii. Haya, ndiye huyu. Mtazameni."

Nikainamisha kichwa nilie. Nililia bila kujificha, machozi yakadondokea kwenye majani ya gunia, na nikasikia mzee mmoja wa usharika akiuliza taratibu kama anaruhusiwa kumshika. Kaka akaondoa kiganja. Yule mzee akamnyanyua, akamgeuza, akasogeza miwani na kusoma, akampa wa pembeni yake. Akazunguka kwa wote watano, akarudishwa pale alipokuwa, karibu na punda, ametazama kando. Mwenyekiti alimwangalia mwalimu. Mwalimu akafungua kitabu chake cha sheria, akakisoma kidogo, akakifunga.

"Amepona," mwalimu akasema. "Endeleeni."

Wahehe walishinda, kama ilivyokuwa. Mezani kwa upande wetu alibaki mtu mmoja.

Mchana tulitoka nje kula. Mama lishe alikuwa ameweka masufuria yake kando ya ukuta wa ukumbi, ugali, wali, nyama, samaki, maini ya kukaanga na vitunguu. Kaka alikuwa mbele yangu kwenye foleni, hatukuwa tumesemeshana neno. Trei nilikuwa nimeikumbatia. Zamu yake ilipofika akakohoa.

"Nipe ugali na maini," akasema.

Mzee wa usharika aliyekuwa nyuma yetu akashangaa. "Mzee, maini? Si mwiko kwenu?"

"Kwetu hatuna mwiko," kaka akamjibu, akapokea sahani yake, akaenda kukaa kwenye benchi. Alikula yote, akapangusa mchuzi kwa tonge la mwisho, kisha akanipa sahani nikamwongezee.